Boksi la penseli 12 la Ngamiani: tumelipima kwa kumchora Nunda

Boksi hili limejaa kwenye steshenari za Ngamiani, mjini Tanga, hasa shule zinapokaribia kufunguliwa. Mfuniko una joka jekundu linalotema moto, na chini yake maandishi ya dhahabu yanayoahidi kwamba mnunuzi atachora kama fundi. Ndani kuna penseli 12, kutoka ngumu na hafifu mpaka laini na nyeusi (2H, H, F, HB, B, kisha 2B mpaka 8B), vijiti vitatu vya mkaa wa kuchorea, raba mbili, moja nyeupe na moja ya kukanda, kichongeo cha chuma, vijiti viwili vya karatasi iliyoviringwa vya kusugulia kivuli, daftari la A4 lenye karatasi 30, na karatasi moja ya mfano inayoonyesha namna ya kulichora lile joka la mfunikoni kwa hatua nne. Bei inategemea duka na ulimi wako wa kupatana, kwa hiyo hapa tunalihukumu kwa kazi tu.

Kazi tuliyolibebesha ni kumchora Nunda mla watu. Hatukumchagua ili kulionea boksi. Mchoraji wa pwani akiombwa kupamba hadithi za watoto, dubwana huyu ataombwa kabla ya joka. Ugumu wake ni kwamba hana picha. Waliomsimulia walishughulika na hofu, umbo wakamwachia msikilizaji. Ukichuja masimulizi yanayojulikana zaidi unabakiwa na kidogo sana: alianza kuwa paka wa sultani, akaachiwa ale mifugo kwa sababu sultani alisema paka ni wake na mifugo ni yake, akakua mpaka akafika kwa watu. Kijana aliyekwenda kumwinda alipewa dalili nne tu: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoa mawili kama ya fungo, na mkia mnene. Rangi haikutajwa. Macho hayakutajwa. Kimo hakikutajwa.

Kuna dalili nyingine ambazo wachoraji wengi huzipita. Kabla ya kumpata Nunda, kijana yule aliua mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila alichokileta mama yake alikikana: mbwa, fungo, punda milia, twiga, kifaru, tembo. Kwa mchoraji hiyo ni orodha ya makatazo. Pua isichongoke kama ya mbwa, mwili usiwe na milia, shingo isirefuke, pembe isiwepo, mkonga usiwepo. Ukijumlisha dalili nne na makatazo hayo, tayari umepata zaidi ya nusu ya umbo bila picha hata moja.

Jibu la haraka kwa anayetaka kwenda dukani sasa hivi: penseli ni nzuri kuliko tulivyotegemea, raba ya kukanda ni nzuri sana, karatasi ni mbaya, na ile karatasi ya mfano ndiyo kitu kibovu kuliko vyote vilivyomo.

Karatasi ya joka

Hatua ya kwanza ni miduara mitatu. Ya pili ni mstari wa shingo na mkia. Ya tatu ni joka zima, bado halina magamba. Ya nne ni joka lenye magamba, misuli, kivuli, moshi na moto. Kazi yote ya kuchora iko kati ya ya tatu na ya nne, na hapo ndipo pameachwa patupu.

Joka lenyewe lina kosa. Mabawa yake yametokea mgongoni kama yaliyopachikwa kwa gundi, hayana bega wala msuli wa kifua wa kuyavuta. Popo, ambao Tanga tunao tele kwenye Mapango ya Amboni, wangemfundisha aliyechora: bawa la popo ni mkono, lina kiwiko na kifundo, kisha vidole vinne virefu vilivyotandwa ngozi, huku kidole gumba kikibaki nje na ukucha wake. Asiyelijua hilo huchora mwavuli.

Nunda hana mabawa, kwa hiyo hilo lisingetuhusu. Linalotuhusu ni mazoea. Mtoto aliyelinakili joka hilo mara kumi, ukimwambia amchore Nunda atakuletea joka lenye manyoya: shingo ndefu, uti wa mgongo wenye miiba, mkia mwembamba wenye mshale mwishoni. Amevunja katazo moja na dalili moja kabla hajachonga penseli mara ya pili. Karatasi hiyo igeuzwe, nyuma ni tupu, inafaa kujaribia penseli.

Vya kuangalizia: paka, chewa, kondoo, na fungo wa kwenye simu

Boksi halikuletei kitu cha kuangalizia, na hilo si kosa lake. Tanga ina vya kutosha, mradi ujue unachukua nini kwa nani. Kosa la kawaida ni kukusanya picha hamsini za madubwana ya watu wengine. Chukua wanyama wanne wa kweli, na kila mmoja mkope kitu kimoja tu.

Paka mkope mifupa. Mtulinga wa paka ni kijifupa kidogo kisichoshikana na mifupa mingine, ndiyo maana anaponyemelea mabega yake hupanda juu ya mstari wa mgongo, moja baada ya jingine. Nunda asiye na mabega hayo mawili yaliyoinuka atafanana na mto wa kulalia. Paka pia hutembea kwa vidole: kile kinachoonekana kama goti lililopinda nyuma ni kisigino. Ukipiga picha kwa simu usimsogelee. Kamera ya simu ikiwa karibu huvimbisha pua na kudogosha mwili. Simama mita mbili, vuta kwa zumu kidogo, piga tatu: ubavuni, mbele, na akiwa amejikunyata. Picha za saa nne asubuhi au saa kumi jioni ni nzuri kuliko za mchana wa jua kali, kwa kuwa kivuli kinalala ubavuni na kuonyesha mbavu.

Macho yake yaangalie kwa makini. Mboni ya paka wa nyumbani hujifinya ikawa mstari wa wima, ilhali ya simba na chui hubaki duara. Hapo una uamuzi wa kufanya. Ukimpa Nunda mboni ya duara amekuwa simba asiye na singa. Ukimpa ule mstari wa wima, mtazamaji anakumbuka bila kuambiwa kwamba dude hili lilikuwa likilala jikoni kwa sultani. Sisi tunashikilia mstari wa wima.

Chewa mkope mdomo. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, wakati samaki bado wazima wazima. Taya la chewa husogea mbele anapofungua kinywa, na humvuta windo na kummeza bila kumtafuna. Hicho ndicho Nunda anachohitaji, kwa sababu meno ya paka yaliyokuzwa yanatoa simba tu, hayatoi mla watu. Omba kwa adabu: “Mjomba, naomba unipanulie mdomo wa huyo chewa nipige picha moja kabla hujampasua.” Hakuna anayekataa, na wengine watamgeuza upande wenye mwanga. Unachotafuta ni ile ngozi ya kwenye kona ya mdomo, iliyokunjamana mdomo ukifungwa na kutanuka ikawa nyembamba ukifunguliwa. Mpachike Nunda mkunjo huo hata akiwa amefumba kinywa, na mtazamaji ataelewa kwamba kinafunguka kuliko inavyostahili.

Samaki aliyekufa anakupa umbo, hakupi rangi wala jicho. Mfano bora uko hapahapa baharini kwetu. Silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dinosaria mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938, akiwa hai ni wa rangi ya buluu iliyokoza na madoa meupe. Akishakufa na kuhifadhiwa kwenye dawa anageuka kahawia. Aliyemchora kutoka kwenye chupa alichora samaki wa kahawia, akawa amenakili vizuri kabisa kitu kisicho sahihi. Wavuvi wa Tanga walipoanza kuwanasa kwa wingi miaka ya 2000, na hifadhi ya bahari ikaanzishwa kwa ajili yao mwaka 2009, picha za walio hai zikawa si adimu tena. Kwa Nunda, basi: umbo la mdomo kwa chewa, unyevu na mng'ao wa jicho kwa paka aliye hai.

Kondoo mkope mkia. Wengi wanajikwaa kwenye “mkia mnene” kwa kuuongeza manyoya. Lakini paka anayesimamisha manyoya ya mkia ni paka aliyeogopa. Ukimchora Nunda hivyo umemchora dubwana lenye hofu, na watoto wanaliona hilo kabla yako. Unene uwe wa nyama. Kondoo wetu wa mkia wa mafuta wanaonyesha jinsi: shina la mkia ni pana karibu sawa na nyonga, uzito umejaa juu, kisha unapungua ghafla. Mkia wa namna hiyo unaning'inia au unalala chini, haujikunji kama nyoka. Chora shina kwanza, ncha mwisho.

Fungo hutoka usiku, kwa hiyo utamtazama kwenye simu. Ana madoa mwili mzima, lakini usoni ana weusi uliozunguka macho kama kitambaa cha kufunikia. Simulizi halisemi madoa mawili yakae wapi. Tuliyajaribu mabegani, yakafanana na uchafu. Tuliyajaribu ubavuni, akawa ng'ombe. Yakikaa kuzunguka macho yanafanya kazi mara mbili: dalili imetimia, na macho madogo yameingia ndani ya giza. Sharti moja: uso uwe mweupe kuliko mwili kwa hatua mbili au tatu za penseli, la sivyo madoa yanamezwa.

Ukitaka kuprinti picha hizi steshenari, mwambie anayeprinti aongeze mwanga kwanza. Printa ya nyeusi na nyeupe huziba kivuli chote kikawa lami, na ndani ya hiyo lami ndimo ulimokuwa mguu. Picha nne kwenye A4 moja zinatosha. Kopi ya kopi usiikubali.

Mpana, si mrefu

Dalili hii ndiyo inayoangusha watu wengi kuliko zote, na sababu ni ya wazi ukishaijua: upana hauonekani ubavuni. Ukimchora mnyama kwa ubavu unaonyesha urefu na kimo, basi. Nunda wa ubavuni hata umnenepeshe vipi atakuwa ama paka aliyeshiba ama kiboko. Mgeuze akutazame robo tatu, kifua mbele, nyonga zikipotelea nyuma yake, na macho yako wewe mchoraji yawe chini kuliko kidevu chake.

Vipimo vilivyotufaa kwenye A4 iliyosimama: duara la kifua kipenyo sentimita 9, nyuma yake tumbo sentimita 10, theluthi mbili zikiwa zimefichwa na kifua, nyonga sentimita 7, ikichungulia juu ya bega tu. Kichwa sentimita 5 kwa upana, kimeshushwa chini ya mstari wa mabega. Masikio milimita 8 kila moja, yaani karibu sehemu moja ya sita ya kichwa, yamesogezwa pembeni. Kwa paka wa kawaida sikio huchukua karibu theluthi ya kichwa, kwa hiyo ukilipunguza kichwa kinakua chenyewe bila kukigusa. Macho ni milimita 5. Macho makubwa ni ya kitoto, na Nunda mwenye macho makubwa watu watataka kumpakata.

Miguu ina mgogoro. Mwili huu ukiubebesha miguu ya paka unapata puto lililosimama kwenye njiti. Ukiubebesha miguu ya tembo umevunja katazo la mwisho la mama. Suluhisho ni kubaki na viungo vya paka lakini kufupisha kipande cha kati ya kisigino na vidole mpaka nusu, kisha kupanua nyayo ziwe pana kuliko paja lilivyo hapo goti linapoanzia. Vidole vitawanyike kidogo. Kitu kizito kinapokanyaga, vidole hufunguka.

Ukubwa wake usiuonyeshe kwa kumjaza kwenye karatasi. Mweke kando yake kitu ambacho mtoto wa Tanga anakijua kwa mwili wake, na hapa mjini kitu hicho ni baiskeli. Gurudumu la inchi 28 lina kipenyo cha takriban sentimita 71. Ukiilaza baiskeli mbele ya unyayo, na unyayo ukalingana na gurudumu, kazi ya ukubwa imekwisha. Ukitaka kuuthibitisha kwa mstari wa upeo, kumbuka kanuni: kwenye ardhi tambarare, upeo hukata kila kitu kwenye kimo cha macho ya mtazamaji. Mtu mzima aliyesimama ana macho kwenye mita 1.6 hivi, basi Nunda wa mita 3.2 akatwe katikati kabisa. Akichorwa kwa macho ya mtoto aliyechuchumaa, upeo unashuka mpaka kwenye visigino vyake, na hofu inapanda.

Penseli

Tulichora vijumba vya sentimita 2 kwa kila penseli, mkono uleule, tabaka tatu. F na HB hazitofautiani. B, 2B, 3B na 4B zinashuka vizuri, kila moja hatua yake. 5B, 6B na 7B ni ndugu wa tumbo moja, ukizichanganya mezani huwezi kuzitambua bila kusoma namba. 8B ni nyeusi kweli ila ina chembe ngumu ndani, inakwaruza ghafla na kuacha mkwaruzo usiofutika. Kwa hesabu yetu penseli 12 ni hatua tisa, na kwa Nunda hatua tano zinatosha: HB ya kupimia, 2B ya uso, 4B ya mwili, 6B ya chini ya tumbo, na mkaa kwa giza lenyewe.

2H ina matumizi moja ya maana, nayo si kuchora. Ukiikandamiza inachimba karatasi. Kabla hujaweka kivuli, chora sharubu kwa 2H ukikandamiza, au kwa kalamu ya wino iliyokauka. Ukipitisha 4B juu yake kwa ubavu wa ncha, mifereji haipokei weusi, na sharubu zinajitokeza nyeupe, nyembamba, safi kuliko raba yoyote ingeweza. Ubaya ni kwamba huwezi kubadilisha mawazo, na mstari wa kupimia uliokandamizwa kwa bahati mbaya utajitokeza vilevile, mweupe, katikati ya kifua.

Manyoya usiyachore yote. Weka kivuli cha mwili kwanza kama mnyama aliyenyolewa, ubane macho, uhakikishe una weusi, kati na weupe. Kisha manyoya yatokee sehemu tatu tu: ukingoni mwa umbo, mahali mwanga unapogeuka kuwa kivuli, na kwenye mikunjo. Yaanze puani kwenda nyuma, yashuke begani, yageuke kwenye kiwiko. Hapo raba ya kukanda inastahili sifa. Ifinye iwe na ukingo kama kisu, iguse na kuinua, usisugue. Kila mguso unatoa unywele mmoja mweupe. Kwa joto la Tanga inalainika na kunata mifukoni, ikizoa vumbi la nguo. Ihifadhi kwenye kopo dogo lenye mfuniko.

Mkaa na karatasi

Weusi wa penseli unang'aa. Ukiinamisha mchoro kidogo, lile giza la chini ya tumbo linageuka kioo cha kijivu na Nunda anapungua kilo mia. Mkaa haung'ai, kwa hiyo tumbo, ndani ya mdomo na kivuli cha ardhini ni kazi yake.

Shida ni daftari. Jalada linasema gramu 120, lakini mkononi karatasi ni nyepesi kama ya kuprintia, na uso wake umelainishwa mno. Mkaa unahitaji vinyweleo vya kushikia. Kwenye karatasi hii ni kama ule msemo wa mji wenyewe, waja leo waondoka leo: ukipuliza vumbi, nusu ya Nunda inakwenda nalo. Kupaka tabaka jingine hakusaidii, kwa sababu hakuna pa kushika. Ukilazimika kuitumia, pitisha msasa laini wa namba 400 juu ya sehemu za giza, kwa uzito wa mkono tu, mara mbili za mzunguko. Njia bora ni kuliacha daftari kwa mazoezi na kununua manila, kisha utumie upande wake usiong'aa.

Angalia mpangilio. Mkaa haukai juu ya penseli laini iliyokandamizwa, unateleza kama maji juu ya mafuta. Amua mapema mipaka ya giza, weka mkaa kwenye karatasi tupu, kisha penseli ikutane nao ukingoni. Vijiti vya kusugulia vitenge, kimoja cha mkaa, kingine cha penseli. Kikichanganywa, uso wa Nunda utapata tope lisilotoka.

Unyevu ni adui wa pili. Kipindi cha masika karatasi nyepesi hujipinda kabla hujamaliza kichwa. Ibandike pembe zote nne kwenye ubao kwa utepe wa karatasi wenye gundi, weka karatasi nyingine safi chini ya mkono kuzuia jasho, na ukipumzika ifunike. Feni iangalie kwingine. Jasho likidondoka kwenye mkaa usifute: acha likauke, kisha inua doa kwa raba ya kukanda.

Boksi halina dawa ya kukazia mchoro. Watu hutumia spree ya nywele, nayo inashika, lakini baada ya muda huifanya karatasi iwe ya njano. Kwa mchoro wa kuskani na kuweka kando inatosha: nje ya nyumba, umbali wa sentimita 30, tabaka mbili nyepesi, ya pili baada ya ya kwanza kukauka. Tabaka moja zito linayeyusha mkaa kuwa madoa. Kama mchoro unakwenda kwa mchapishaji, skani kabla ya kupuliza chochote. A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inatoa picha ya nukta 2480 kwa 3508, na hicho ndicho kipimo cha kumwambia mtu wa steshenari, kwa kuwa mashine nyingi zimeachwa kwenye 150.

Nani alinunue

Mwanafunzi wa sekondari anayeanza, alinunue. Mwalimu wa sanaa mwenye darasa la watoto arobaini asinunue maboksi, anunue HB, 2B, 4B na 6B za rejareja na raba ya kukanda moja kwa kila watoto wanne, aikate kwa mkono. Mchoraji anayelipwa hahitaji zaidi ya raba na mkaa, na vyote viwili vinapatikana nje ya boksi.

Ukiamua kulichukua, lifungue hapohapo kaunta. Simamisha kila penseli utazame kitako chake: kiini cheusi kiwe katikati ya mti. Kikiwa kimeegemea upande, kichongeo kitakula mti upande mmoja na kuvunja ncha kila mara, na kwenye boksi tulilolijaribu tatu zilikuwa hivyo, zote za upande wa B. Zitikise karibu na sikio. Inayolia imevunjika ndani, labda iliangushwa na mpanga mizigo. Zilizobaki zichonge kwa wembe, ncha iwe ndefu kama sentimita moja, maana kichongeo cha ndani ya boksi kinatoa ncha fupi ya kuandikia hesabu. Muuzaji akikataa kubadilisha penseli mbovu, duka la pili lina boksi lilelile.